Mistari Miwili ya Njano

Mtaani walimwita Malkia, na asijidanganye mtu kwamba lilikuwa jina la heshima. Waliomwita hivyo walikuwa wamempungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, akawapita. Walikuwa wamesimama naye kwenye foleni ya maji, wakacheka naye mpaka ndoo zikajaa, na kesho yake akawatazama kama anatazama ukuta. Malkia hasalimii, walisema. Malkia anasubiri asalimiwe yeye. Mshona nguo mwenye cherehani moja na meza ya kukatia iliyofungwa kamba mguuni, lakini pua iko juu utadhani kazaliwa ikulu.

Ukweli ulikuwa mwepesi kuliko maneno yao, ndiyo maana hakuna aliyeutaka. Malkia hakuweza kushika sura za watu. Macho yake yalikuwa mazima. Alitunga sindano bila miwani hata taa ikififia. Pua aliiona, macho aliyaona, mdomo aliuona. Ila ukimpa kisogo tu, vyote vilimtoka, na ukirudi kesho na kilemba kingine, wewe kwake ni mgeni. Watu aliwajua kwa mambo mengine: bega la kulia lililoshuka, ndala zinazoburuzwa, kikohozi, sauti, na zaidi ya yote nguo. Mumewe, fundi friji, alimjua kwa kitita cha funguo kilicholia kiunoni mwake. Binti yao wa pekee, wa miaka minane, alikuwa na doa jeusi kidevuni, wakamwita Kidoti. Shule ikifungwa jioni na watoto mia mbili kumiminika getini, sare moja, vichwa vimenyolewa sawa, Malkia alisimama pale akitafuta doa.

Waliishi kwa mama mkwe. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, bati la mama mkwe, na chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambamo Malkia alishonea, kilikuwa cha mama mkwe pia, naye hakuacha kumkumbusha hilo. Chumba hicho ndicho kilichokuwa mkate wa Malkia. Wateja walipita mlangoni, wakaona magauni yametundikwa, wakaingia. Kukikosa chumba hicho ni kurudi kushonea barazani kwa watu, na huko alishapitia, mvua ikinyesha anafunika cherehani kwa mwili wake.

Aliyekitaka chumba alikuwa wifi yake mkubwa. Huyu alikuwa na sauti ya kusikika mitaa mitatu, na Malkia alikuwa amempa jina la chinichini, Kipaza. Kipaza alitaka kufungua saluni. Kila alipokuja kumsalimia mama yake alisimama katikati ya chumba, akatazama ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, na kusema, "Hapa kioo kikubwa kingekaa vizuri." Cherehani ikiendelea kulia, yeye anapanga vioo.

Sasa sikiliza lililomponza Malkia. Mama mkwe alikwenda kwa daktari wa macho, akarudi na miwani mipya yenye fremu nyekundu. Njiani alipitia kwa kinyozi, akaondoa mvi zake zote. Alipofika nyumbani hakupita mlango wa uani kama kawaida yake. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, katika gauni ambalo alikuwa amelitunza sandukuni miaka mingi, akitabasamu kidogo, anangoja kuambiwa amependeza.

Malkia aliinua kichwa. "Karibu, mama," alisema kwa ile sauti ya kazi. "Unashona au unarekebisha?"

Mama mkwe aligusa fremu ya miwani yake.

"Kama ni kurekebisha weka hapo mezani, uje Alhamisi. Leo nina kazi za watu."

Yule mama akavua miwani taratibu, akaikunja, akapita ndani. Malkia aliposikia ule mlango wa chumba cha pili, ambao ulikuwa na mlio wake na haufunguliwi na mtu mwingine, ndipo moyo ulipomdondoka. Akajua nani kapita.

Jioni aliitwa sebuleni. Mama mkwe amekaa kwenye kiti chake, Kipaza pembeni, mume amesimama mlangoni na funguo zake kama mtu aliyepita njia tu.

"Miaka kumi unakula kwenye sufuria yangu," mama mkwe alisema. "Leo umeniambia nije Alhamisi."

"Mama, nisamehe. Sikukujua. Niliwaeleza ile habari ya hospitali."

Kweli alikuwa ameeleza. Miaka miwili nyuma, mteja wake mmoja aliyekuwa muuguzi alimwona akimsalimia mwanamke mwingine kwa jina la dada yake mwenyewe, akamdadisi, akampeleka hospitali kubwa. Daktari alimwekea picha mezani, nyingine alizoambiwa aje nazo kutoka nyumbani, nywele zimefunikwa, akamwuliza nani ni nani. Mojawapo ilikuwa ya mumewe. Malkia alisema ni mtangazaji wa televisheni. Daktari hakucheka. Alimwambia kuna sehemu ya ubongo inayokusanya pua na macho na mdomo kuwa mtu mmoja, na kwake sehemu hiyo haikufanya kazi tangu kuzaliwa. Dawa haina. Akamwandikia barua. Kisha akauliza, "Una watoto? Wakati mwingine hufuata damu." Malkia akajibu upesi, "Ninaye mmoja, lakini yule anamjua kila mtu," na akatoka na barua yake, amefurahi, maana angalau sasa shida yake ilikuwa na muhuri.

"Ugonjwa wa kutosalimia watu," Kipaza alisema. "Mimi nimeugua malaria, nimeugua tumbo. Huo wa kutosalimia unapatikana wapi nami niupate? Maana kuna watu wengi nimechoka kuwasalimia."

"Wifi, barua ipo."

"Barua! Mbona gauni la mteja hulisahau? Limekaa miezi mitatu, unajua la nani, unajua na kiuno chake."

"Nguo na sura ni vitu viwili."

"Ehe. Nguo unaijua, mwenye nguo humjui. Mama, unasikia dharau hiyo?"

Malkia alimtazama mumewe. Mumewe alitazama funguo. Mwanaume yule alikuwa na uwezo wa kufufua friji iliyotupwa jalalani, lakini mbele ya mama yake alikuwa hawezi kufungua hata mdomo. "Jitahidi tu," alisema mwishowe. "Mama ni mama."

Mama mkwe akatoa hukumu. Wiki tano zijazo kitinda mimba wake anaolewa. Ukoo mzima utakuja. "Siku hiyo nataka nikuone unawasalimia watu wangu, mmoja mmoja, na kila mtu kwa heshima yake. Ukimpita hata mmoja, au ukimwita shangazi wa watu mteja, Jumatatu toa cherehani yako nje. Chumba apewe mwenzio."

Kisha, kama hilo halitoshi, Kipaza akaweka mezani jora la kitambaa cha zambarau chenye maua meupe. Sare ya wanawake wa ukoo. Magauni kumi na saba na vilemba kumi na saba, vyote vya kitambaa hicho hicho, na mshonaji ni nani kama si mke wa kaka.

Malkia usiku ule hakulala vizuri, na alikuwa na haki. Nguo ndiyo ilikuwa fimbo yake ya kutembelea, nao wameichukua. Wanawake kumi na saba wa damu moja, maumbo yaleyale, vilemba vimeficha nywele, wote zambarau. Alikasirika mpaka meno yakamuuma. Hakumwamini yeyote aliyesema hiyo sare ilikuwa ya harusi tu.

Lakini aliyemkabidhi fundi kitambaa amemkabidhi na mkasi. Siku ya tatu, akiwa anakunja pindo la mkono wa gauni la kwanza, wazo lilimjia. Juu ya pindo la mkono wa kushoto alipitisha mshono wa uzi wa rangi, mnyoofu, kama urembo. Kila mtu na rangi yake. Wakubwa, wale wa kupewa shikamoo, aliwatia mistari miwili. Rika lake na wadogo, wale wa habari na vipi, mstari mmoja. Akaandika kwenye daftari la vipimo: Mama, njano, miwili. Shangazi mkubwa, kijani, miwili. Mama mdogo, buluu, miwili. Kipaza, nyekundu, mmoja. Akaendelea hivyo mpaka wa kumi na saba.

Kwa wiki tatu chumba kilijaa zambarau. Kidoti akitoka shule alikaa chini ya meza ya kukatia, anachambua vipande vya nyuzi na kukunja magauni yaliyokwisha. Alikuwa mtoto mkimya anayependa kuuliza mambo mara moja tu. "Hili la nani?" alikuwa akiuliza. "La shangazi mkubwa." "Na hili?" "La bibi yako." Alilaza kidole juu ya mshono, akalikunja gauni, akalipanga. Malkia alifurahi kupata msaidizi, hakuwaza zaidi ya hapo.

Kipaza alikuja kujaribu lake siku Malkia amechelewa getini shuleni. Alilikuta limetundikwa, akalivaa, akajitazama. Malkia aliporudi, akamwuliza ule uzi mwekundu ni wa nini. "Urembo," alijibiwa. Hakusema kitu, na hilo lilipaswa kumtisha Malkia kuliko kelele zote. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Siku ya harusi ukumbi ulipambwa, feni zinazunguka, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Malkia aliingia, akasimama kidogo mlangoni. Akatazama mikono ya watu, akaanza.

Kijani, miwili. "Shikamoo, shangazi. Mguu unaendeleaje?" Shangazi mkubwa alishtuka, akaitika marahaba, akaanza kueleza mguu. Buluu, miwili. "Shikamoo, mama mdogo. Safari ilikuwaje?" Waridi, mmoja. "Wifi yangu, umependeza, mwambie mumeo akae macho." Yule akacheka, akampiga begani. Kumi na wawili, kumi na watatu, kumi na wanne, hakukosea hata mmoja. Nyuma yake alisikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake, "Kumbe Malkia ana ulimi. Nani alisema anaringa?" Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kutembea katikati ya watu bila kuogopa, na utamu wake ulimlevya kidogo. Alianza kutembea kwa madaha kweli, kama walivyomsingizia.

Walibaki watu wa safu ya mbele. Kwenye kiti cha mwisho, karibu na feni, alikaa mwanamke mnene wa wastani, miwani hana, ametulia. Uzi mwekundu, mstari mmoja. Malkia alishangaa kumkuta Kipaza kimya namna ile, akaona leo ni sikukuu, acha amtanie, pengine na yeye atalegea.

Akainama, akapaza sauti kwa sababu ya muziki. "Vipi wewe, leo umenyamaza hivyo, nani kakuziba mdomo? Au kazi ya kunisema imekwisha, umeanza kazi ya kupanga vioo?"

Yule mwanamke alimgeukia, akamtazama. Malkia akasema moyoni, hana jipya, akapita.

Kiti cha katikati, kile kilichofunikwa kitambaa cheupe kwa ajili ya mama wa bibi harusi, alikaa mwenye mistari miwili ya njano. Malkia akaweka mikono pamoja, akapiga goti kidogo mbele ya watu wote. "Shikamoo, mama. Hongera kwa kumwoza binti."

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti ambayo mitaa mitatu inaijua.

Kipaza alisimama. Akampungia mkono mpiga muziki, muziki ukakatika. Kwa saa nzima alikuwa hajasema neno, watu wakidhani koo linamuuma, kumbe alikuwa anaweka akiba.

"Jamani, mmeona? Mmeona kwa macho yenu? Kanipigia mimi goti, wifi yake. Mama mkwe wake, aliyemweka ndani ya nyumba, yule pale kwenye feni, kamwambia kafungwa mdomo." Akauinua mkono wa kushoto. "Hajui watu huyu. Anajua nyuzi. Nimesoma daftari lake. Wote mmetiwa alama kama ng'ombe. Wewe shangazi kijani, wewe mama mdogo buluu. Na mimi ameniandika Kipaza."

Wapo waliocheka, hasa hapo kwenye Kipaza, lakini kicheko kiligeuka njiani na kumwangukia Malkia. Shangazi mkubwa alikuwa anakagua mkono wake kama aliyeng'atwa na mdudu. Mwingine alisema, "Ndiyo maana akauliza mguu, kasoma mshono." Hata yule wifi wa waridi, aliyempiga begani, alijisogeza. Malkia alisimama na mikono yake bado imeungana, anatamani sakafu ipasuke.

Mama mkwe hakuwa amejua habari ya daftari. Asubuhi ile binti yake mkubwa alimwendea chumbani akasema lake linambana kwapani, wabadilishane, si tunalingana, naye akakubali. Akamwambia na miwani aivue atapendeza zaidi kwenye picha, na kwenye feni ndiko kuna hewa. Lakini kutojua huko hakukumlainisha. Aliinuka kwenye kiti cha mwisho, zambarau na nyekundu.

"Jumatatu," alisema. Akakaa.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa kukodiwa, hajui ugomvi wa nyumba za watu. Alichoona yeye ni ukumbi umepoa, akachukua kipaza sauti kuupasha moto. "Sasa tunamwita mjukuu, amkabidhi bibi yake shada la maua!" Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kidoti alikuwa nje na watoto wenzake muda wote, amevaa gauni jeupe, ameshika maua mazito kuliko mikono yake. Hakuwa amesikia neno la yaliyosemwa ndani.

Akaja katikati ya ukumbi. Mama mkwe alisahau hasira kwa dakika hiyo, maana huyu mtoto alikuwa roho yake. Akafungua mikono. Kidoti akamtazama usoni, akashusha macho kwenye mkono wa kushoto, akampita.

Akampita kabisa, bila kusita. Akaenda mpaka kwa Kipaza, akapiga magoti, akamnyooshea maua. "Hongera, Bibi."

Safari hii hakucheka mtu. Kipaza alibaki na mikono hewani, hajui ayachukue maua au ayaache.

"Wewe mtoto," mama mkwe aliita, na sauti ilikuwa inakwaruza. "Bibi yako ni mimi. Mimi hapa."

Kidoti aligeuka. Sauti aliijua. Akatazama uzi mwekundu, akatazama uzi wa njano, akawa kama anayefanya hesabu isiyokubali. "Bibi," aliuliza, "mbona umevaa mkono wa shangazi?"

Malkia aliliona lote kwa mara moja. Vidole vya mtoto juu ya mshono. Maswali ya mara moja tu. Namna Kidoti alivyokuwa hasogei getini mpaka aitwe kwa sauti, naye Malkia akisifu kwamba ana adabu. Alimwambia daktari kwamba mtoto anamjua kila mtu, na mtoto alikuwa anasoma nguo tu, kwa werevu, kama mama yake. Uchungu ulimpanda ambao dhihaka ya miaka kumi haikuwahi kuufikia. Ile aibu yake aliyoizoea kama kovu, sasa ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi na gauni jeupe. Akaenda akasimama nyuma ya mwanawe, akamshika mabega, na kama kuna mtu angethubutu kumwita yule mtoto mwenye maringo siku hiyo, angeondoka na alama za kucha.

Hakuthubutu mtu. Mama mkwe alisogea, akachutama mbele ya mjukuu, akavua kilemba, kichwa kikabaki wazi na kile kipara chake kipya. "Nitazame. Hunijui?"

Kidoti alimtazama kwa bidii, mtoto mwenye nia njema. "Sasa nakujua, umeongea."

"Nani alikufundisha kutazama mkono?"

"Hakuna." Akafikiri. "Si watu wote hutazama mkono?"

Mama mkwe alikaa pale chini muda mrefu kuliko magoti yake yalivyopenda. Aliposimama hakumtazama Malkia. Alimgeukia binti yake mkubwa.

"Vua."

"Nini, mama?"

"Gauni langu. Kalivue."

"Mama, mbele ya watu..."

"Chooni kuna mlango."

Basi watu wazima wawili, mmoja ana wajukuu, wakaongozana chooni kubadilishana magauni, na ukoo mzima ukikaa kimya ukisikiliza zipu. Mama mkwe alirudi na mistari miwili ya njano, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, akapokea maua yake kwa mjukuu. Kipaza alirudi dakika kumi baadaye kwa mlango wa pembeni. Muziki ukawekwa, keki ikakatwa, lakini utamu ulikuwa umeshamwagika.

Jumapili nyumba nzima haikusemeshana. Malkia hakuomba msamaha wala hakuombwa. Jioni mumewe alikuja na spana, akalegeza nati za cherehani, akaitenga na meza yake, akaiweka sakafuni, kwa sababu Mama alisema Jumatatu. Alifanya kazi hiyo kwa upole sana, na Malkia alitamani kumpiga na ile spana.

Jumatatu saa moja asubuhi, Kidoti ameshakwenda shule, Malkia alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, anafunga mikasi kwenye gazeti. Mlango wa uani ukafunguka. Aliingia mwanamke aliyevaa gauni la zambarau lenye maua meupe, nguo ya harusi, siku ya kazi, kilemba kichwani na miwani nyekundu usoni. Mkononi kabeba furushi la shuka. Malkia alitazama mkono wa kushoto. Njano. Miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama mkwe alilitupa furushi mezani, likafunguka. Zilikuwa nguo zake zote. Magauni ya nyumbani, ya msiba, ya kutokea, sweta, hata koti la mvua. "Zote. Njano, miwili, mahali palepale. Mtoto akirudi shule azikute tayari."

"Sawa, mama."

"Si kwa ajili yako."

"Najua, mama."

"Wewe umri wako umeshapita, umeshazoea kuniita mteja. Yeye sitaki anipite." Akatazama chini. "Na hiyo cherehani inafanya nini sakafuni?"

"Ulisema Jumatatu."

"Nilisema Jumatatu. Sikusema ipi." Akaelekea mlangoni, akasimama, kisogo kimemgeukia Malkia. "Yule daktari wenu yupo bado? Aandike na barua ya mtoto, ipelekwe shuleni. Walimu nao wana midomo." Akatoka bila kungoja jibu.

Malkia aliinyanyua cherehani mwenyewe. Akaipachika, akakaza nati kwa mkono, akatafuta kibweta cha uzi wa njano. Alikuwa bado na hasira, tena nyingi, na aliona hakuna sababu ya kuziharakisha kuisha. Akachukua gauni la kwanza kwenye furushi.

Barabarani ndala zilisikika, zile zinazopiga kisigino kwa kishindo, moja kwa nguvu kuliko nyingine. Zikasimama mlangoni. Mwenye ndala alikuwa na futi ya kupimia ukuta mkononi, futi ya chuma ya mafundi seremala, na alipoiona cherehani juu ya meza yake akaificha nyuma.

"Wifi," alisema, kwa sauti ya kusikika mitaa mitatu. "Habari za asubuhi?"

Malkia aliinua kichwa. Alizitambua ndala, aliitambua sauti, aliutambua hata upana wa mabega, inchi kumi na saba na nusu, aliyapima mwenyewe. Hakuwahi kumjua mtu vizuri namna ile. Akamtazama mlangoni pale kama anatazama ukuta, kisha akainama, akaingiza uzi wa njano kwenye tundu la sindano, akaanza na mkono wa kushoto.